Babu Niliyemtengeneza Apata Wajukuu

Kwanza niwashukuru wasomaji walionipigia simu kunipa pole kwa habari za Pius. Mmoja wa Shinyanga alisema ameniombea siku tatu mfululizo. Mwingine wa Buhongwa aliniuliza kama sasa nafasi iko wazi. Wote nawashukuru, ila huyu wa Buhongwa asubiri kwanza nimalize kuungama, huenda akabadili mawazo.

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita: naitwa Bernadeta, wengi wananiita Mama Collins, nina miaka hamsini na miwili, na nina duka la zawadi na vitu vya kale hapa Mwanza, kwenye barabara inayoshuka ziwani. Mume wangu Pius alihamia Geita na mwanamke aliyekuwa akituletea vikapu. Kwa wema wake akaniachia duka, na vikapu vyenyewe. Ndipo nikaanza dhambi hii ninayowasimulia, ya kutengeneza vitu vya kale vikiwa vipya.

Fundi wangu ni Ogada, Mjaluo wa Shirati, mwenye karakana Mkolani. Yeye anachonga, mimi nazeesha. Kigoda kipya cha mninga nakimwagia chai ya rangi iliyochemka, nakipaka samli, nakitundika wiki tatu juu ya moshi wa mavi ya ng'ombe, halafu nakisugua kwa chupa pale katikati, ambapo matako ya mababu yangepaswa kuwa yamekaa. Kikitoka hapo kina miaka mia na hamsini. Mimi ni Mjita wa Musoma. Kwa hiyo Mjaluo na Mjita tulikuwa tunawatengenezea Wasukuma mababu, na watalii waliwapenda sana.

Kazi hii ina kanuni moja tu: babu wa uongo atoke mbali. Unaandika Maswa, unaandika Meatu, mahali ambapo mteja hatakwenda na mwenyeji hatakuja. Lakini siku moja ya mwezi wa sita nilikuwa nimechoka, nikachukua kadi na kuandika: "Kigoda cha Shimba, mleta mvua wa Kisesa." Kisesa hii hii ya barabara ya Musoma. Mtu akinunua soda mlangoni kwangu anafika nayo kule bado ya baridi.

Basi Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, watu watatu walivua viatu mlangoni kwangu.

Hakuna anayevua viatu dukani kwangu. Watalii wanaingia na matope yao ya Serengeti na kuniuliza choo kiko wapi. Hawa waliviacha nje vimepangwa vizuri: mzee mrefu mwenye koti la suti, kofia na fimbo, mama wa miaka sitini hivi aliyevaa kitenge cha kwaya, na kijana mwenye ovaroli ya fundi wa kuchomelea.

Mzee alivipita vinyago, akazipita ngoma, akapita mikuki yangu kumi na miwili ya vita ambavyo havikupiganwa. Akasimama mbele ya kigoda, akapiga goti, akapiga makofi taratibu.

"Mwangaluka, guku," akakiambia, kama anavyoamkiwa mzee asubuhi kwa Kisukuma.

Nimeuza vigoda miaka saba. Hiki kilikuwa cha kwanza kuamkiwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Malahaba, mayu. Tumekuja kwa heri." Aliniita mama kwa Kisukuma, akanyanyuka kwa kushika goti. "Mimi naitwa Chenge. Huyu ni Getruda, mtoto wa kaka yangu. Huyu kijana ni Nathaniel, mtoto wa Getruda. Tunatoka Kisesa. Na huyu," akanyoosha mkono wote kwenye kigoda, "ni kaka yangu Shimba."

Nilicheka kidogo, kile kicheko cha dukani. Hakuna aliyenisaidia.

"Mzee, hapa Usukumani akina Shimba ni wengi," nikasema.

"Ni wengi. Wa Kisesa aliyekufa akaacha kigoda ni mmoja."

"Huyu kwenye kadi alikuwa anashusha mvua."

"Kadi imekosea kidogo," Mzee Chenge akasema kwa upole, kama mtu anayemsamehe karani. "Kaka yangu alikuwa anapima pamba."

"Unaona sasa? Basi si yeye."

"Mtunzaji hawezi kujua kila kitu, mayu."

Nilidhani wamekuja kunishtaki. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga utetezi: sijui, niliuziwa, aliyeniuzia amehamia Geita na mwanamke wa vikapu. Utetezi wangu wote ulihitaji mtu mwenye hasira, na hawa hawakuwa na hasira hata chembe. Walikuwa na shukrani. Mzee aliniambia kuna mtamba wa ng'ombe wamenitengea nyumbani, kwa kazi ya kumtunza Shimba.

Ndipo Nathaniel akasema kilichowaleta.

"Mama, nina mtoto wa miaka sita, anaitwa Precious. Leo ni siku ya tano homa haishuki. Hali kitu. Jana amepata degedege mara mbili."

"Pole, baba. Hospitali wamesemaje?"

Nathaniel akatazama miguu yake isiyo na viatu. Getruda akatazama mlango.

"Tulikwenda kwa mfumu," Mzee Chenge akasema. "Alipasua kuku, akamsoma. Kuku amesema Shimba anadai kigoda chake. Kiko mjini, karibu na maji, kinauzwa. Mtoto asivuke lango la ua kabla kigoda hakijaingia. Akivuka, amekwisha."

"Kwa hiyo hajapelekwa hospitali."

"Anasubiri kigoda."

Wasomaji wangu, mimi si mtu wa kusifiwa, na wiki hizi zote mmeshanijua. Nimemuuzia Mjerumani mmoja mkuki uliochongwa Jumanne. Nimewahi kulia machozi halisi nikisimulia habari za bibi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Lakini mtoto wa watu siku tano amelala anasubiri mbao yangu niliyoikoleza kwa chai, hilo lilinishinda. Niliogopa sana. Nikaamua kusema kweli, jambo ambalo dukani kwangu halikuwa limefanyika kwa muda mrefu.

"Mzee wangu, nisikilize. Kigoda hiki ni cha uongo. Nimekitengeneza mimi. Hakina hata mwaka."

Mzee Chenge akamgeukia Nathaniel na kutikisa kichwa taratibu. Alikuwa anatabasamu.

"Umesikia?" akamwambia. "Kuku alisema mtunzaji atakikana."

"Sikikani. Nawaambia kilivyo."

"Ndivyo anavyokana."

Nikakipindua kigoda miguu juu. Chini huwa sihangaiki kuzeesha, maana watalii hawainami. Mbao ilikuwa nyeupe kabisa, bado ina alama za penseli.

"Ona hapa. Mbao mbichi hii. Ona penseli."

Mzee akapapasa kwa vidole viwili. Macho yake yakajaa machozi.

"Getruda, njoo uone," akasema. "Miaka yote hii, na chini bado kipya. Huyu mama alimtunza kaka yangu vizuri."

Getruda hakusogea. Alisema anaona pale pale aliposimama.

Nilikuwa na shahidi mmoja duniani. Nikachukua simu, nikaweka sauti ya nje, nikampigia Ogada.

Hapa lazima niwaeleze upumbavu wangu. Mimi na Ogada tuna mkataba. Nikimpigia mbele ya watu na kumuuliza kama kitu fulani amekichonga yeye, anajua mteja ameingiwa na wasiwasi, na kazi yake ni kukana kwa viapo. Mkataba huo niliubuni mimi mwenyewe na nikamfundisha maneno. Asubuhi ile, kwa hofu, niliusahau kabisa.

"Ogada, niko na wazee hapa dukani. Kile kigoda cha Shimba, si ulikichonga wewe mwezi wa nne?"

Nikasikia randa ikiwekwa chini.

"Mama Collins," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani, "mimi ni nani nichonge kitu kama kile?"

"Ogada, sema ukweli. Hawa si wateja."

"Ndiyo huo ukweli nausema. Kile kigoda nilikikuta Kisesa kwenyewe, kwenye pango la jiwe, kimefunikwa ngozi ya ng'ombe. Nilipokigusa nikaugua wiki nzima. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Mama yake Ogada anaitwa Aloo. Yuko hai, anauza dagaa Shirati, na ana afya kuliko mimi.

"Ogada, nakuomba. Kuna mtoto mgonjwa."

"Umeona sasa? Si nilikwambia kitu kile kina wenyewe?" Akashusha pumzi ndefu, akiwa amenogewa. "Wape tu, Mama. Kwangu hakuna sida." Akakata simu.

Mzee Chenge alikuwa amevua kofia. Aliuliza kwa heshima kama huyo bwana wa pangoni naye angependa kuja Kisesa.

Nikaona nimeshindwa. Miaka saba nimedanganya na kila mtu ameniamini, siku moja nasema kweli nakosa hata mtu mmoja. Basi nikafikiri kama mfanyabiashara: wanataka kigoda, wapewe kigoda. Kikiingia langoni, mtoto anatoka langoni, anapelekwa hospitali, na mimi narudi kufungua duka. Kilichobaki ni mwendo tu.

Kwa desturi yao aliyekitunza ndiye akirudishe kwa mikono yake, kwa hiyo nikafunga duka na kupanda nao gari walilokodi. Nilimpakata Shimba mapajani, nimemfunika kanga. Nathaniel alikaa kando yangu, na tulipovuka mizani akaniinamia.

"Mama, mimi nimekuamini," akasema kwa sauti ya chini. "Nachomelea vyuma, penseli ya fundi naijua. Lakini nyamaza tu. Kikishaingia nampakia mtoto humu humu."

Nilimshika mkono kijana wa watu. Nilijisikia nina mwenzangu.

Nyumbani kwa Mzee Chenge ni ndani kidogo kutoka barabarani, ua wa minyaa pande zote na lango moja. Tulipokelewa kwa vigelegele. Kinamama walitandika kanga chini nikanyage, mimi Mjita mwenye leseni ya biashara ya zawadi. Mtamba wangu alikuwa amefungwa kwenye mti, ananitazama bila imani yoyote. Yeye peke yake ndiye tuliyeelewana.

Nilipitisha kigoda langoni. Kikaingizwa nyumba ya Precious, kikawekwa kichwani pake.

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Midomo imekauka, macho hayafungi vizuri, anapumua haraka haraka. Nilimgusa shingo nikaondoa mkono. Nimelea watoto watatu kwenye mbu wa ziwani, homa ile naifahamu, na najua inavyokwenda mtu akiiachia.

"Mzee, kigoda kimeingia," nikasema. "Gari liko nje. Mtoto aende."

"Aende wapi?"

"Hospitali. Si kuku alisema kikiingia atoke?"

Mzee Chenge akaniangalia kwa subira.

"Kuku alisema asitoke kabla hakijaingia. Habari ya baada ya kuingia hakuisema. Shimba amezurura miaka ishirini, mayu. Mtu hafiki nyumbani saa hiyo hiyo kitukuu wake akaondolewa mbele yake. Atakaa naye siku mbili, amtazame. Halafu tutaona."

"Hana siku mbili huyu."

"Hilo sasa ni la Shimba."

Nikatoka nje. Nilikuwa nimeleta mwenyewe, kwa mikono yangu, kitu cha kumzuia mtoto asitoke. Kabla sijaja alikuwa anasubiri kigoda. Sasa alikuwa na kigoda, na bado anasubiri.

Getruda alinikuta nyuma ya jiko, nimekaa juu ya kinu kilicholala.

"Mama Collins," akasema, "kigoda hicho si chenyewe."

"Asante," nikamjibu. "Nimesema hivyo tangu saa tatu."

"Wewe ulisema. Mimi najua."

Akachuchumaa mbele yangu. Alizungumza akitazama majivu. Mwaka aliookoka, mchungaji wao aliwaambia waumini walete vitu vyote vya mizimu vichomwe uwanjani. Wenzake walileta shanga na hirizi. Yeye, binti ya Shimba, alileta kigoda cha baba yake chini ya kitenge, akakitia motoni mwenyewe, akaimba. Nyumbani akasema kimeibwa.

"Miaka ishirini wanamtafuta mwizi," nikasema, "na mwizi anawapikia chai."

"Niseme nini? Kuku amesema mtoto anaumwa kwa sababu ya kigoda. Nikisema nilikichoma, basi mimi ndiye ninayemuua Precious. Mjukuu wangu, Mama Collins. Nani atanitazama usoni?"

"Na akifa huku umenyamaza, watakutazama vizuri?"

Alikuwa analia bila sauti, na mimi nilikuwa na hasira naye hadi nikaona nusu ya hasira ile inanihusu mimi mwenyewe. Tulikuwa wanawake wawili tunaojua kila kitu, tumejificha nyuma ya jiko.

Nikajifuta uso. Kama ukweli hauna soko Kisesa, nikasema moyoni, basi niwape bidhaa ninayoijua. Nikaingia ndani, nikapiga goti mbele ya kigoda changu, nikafumba macho na kuanza kuyumba kidogo. Watalii wa Kihispania huwa wanapenda sana sehemu hiyo.

Wazee wakasogea.

"Amekuja," nikasema kwa sauti nzito. "Shimba anasema amemwona mtoto, na moyo wake umetulia. Anasema mchukueni leo hii, jua halijazama, mpelekeni kwenye nyumba nyeupe ya wagonjwa. Anasema waganga wa huko ndio aliowachagua yeye."

Nikasikia Nathaniel akivuta pumzi. Nikasikia wazee wawili wakinong'onezana kwa Kisukuma, na mmoja akasema "ee, ee." Kazi yangu bora kuliko zote, na safari hii siuzi chochote.

"Vizuri," Mzee Chenge akasema. "Sasa mwambie jambo moja. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananiita jina ambalo hakumwitia mtu mwingine. Alitaje, nami nitamfungulia mtoto lango mwenyewe."

Nilifumbua jicho moja.

"Babu amechoka," nikasema. "Safari ilikuwa ndefu."

"Jina moja tu, mayu."

"Anasema hapendi kujaribiwa."

"Kaka yangu alipenda utani. Alitaje."

Precious alikuwa anapumua kwa kukwaruza pale pembeni ya goti langu, na mimi, mwenye majina ya mababu wote wa kanda ya ziwa kichwani, sikuwa na jina moja la kumtoa mtoto nje.

"Alikuwa anakuita Kibuyu," sauti ikasema mlangoni. "Kwa sababu ya kichwa chako."

Alikuwa Getruda. Amesimama wima, kitenge cha kwaya kimemvuka bega.

"Usimuulize huyo mama, baba mdogo. Hajui kitu, hakutunza kitu. Kigoda cha baba nilikichoma mimi mwaka niliookoka. Nilikitia motoni kwa mikono hii. Hicho mlichokiamkia ni cha dukani. Mpelekeni mtoto hospitali, mengine mtanifanyia mimi."

Mimi nilimwonea huruma na fahari kwa wakati mmoja, nikataka kumkumbatia. Nikajua mambo yamekwisha, maana uongo wote ulikuwa umelala mezani, wangu na wake. Nikamnyanyua Precious kutoka kwenye mkeka. Alikuwa mwepesi na anachoma.

Mzee Chenge hakugombana. Alikaa chini, fimbo kati ya magoti.

"Ulimchoma," akasema.

"Nilichoma kigoda, baba mdogo."

"Miaka ishirini kaka yangu hana pa kukaa." Alijipangusa macho kwa mkono wa koti. "Basi akaenda mjini. Akatafuta fundi Mjaluo, akatafuta mama Mjita, watu wasiomjua, akajitengenezea kingine." Akanigeukia. "Mayu, kadi ile uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Majina yote ya Wasukuma, na vijiji vyote. Ulidhani ni wewe uliyechagua?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Kadi hizo naziandika mamia. Nilikuwa nimechoka tu, nilitaka jina fupi, kila mtu anaweza kuchoka. Jibu lilikuwepo, lakini nilichelewa kulitoa, na wote waliniona nimechelewa.

Mzee akanyanyuka, akakibeba kigoda mwenyewe, akatoka nacho. Tukamfuata wote, mimi na mtoto begani. Akakiweka katikati ya lango, kwenye uwazi ule mmoja wa minyaa, akasimama kando.

"Sikatazi mtu," akasema. "Lakini hapa hakuna atakayemruka kaka yangu. Anayetaka kutoka na mtoto akiondoe kigoda, na mwenye haki ya kukiondoa ni aliyekileta. Akikiondoa, Shimba ameondoka kwetu na mtoto ameondoka naye. Akipona, ni wake. Akifa, kamfia yeye. Mbele ya watu wote hawa nasema."

Walikuwa pale watu arobaini hivi. Kila mmoja alikuwa ameshasikia, kutoka kwangu na kwa Getruda, kwamba kile ni kipande cha mninga kutoka Mkolani. Hakuna hata mmoja aliyekisogelea.

"Nimekubali," nikasema.

Nilisema haraka, kabla hofu haijanifikia. Nikampa Nathaniel binti yake, naye akampakata kifuani. Getruda alikuwa ameshakimbilia upande wa lango kutusubiri, amekunja kitenge tayari kwa safari. Nikaenda pale kwenye uwazi, nikainama, nikakishika kigoda changu kwa mikono miwili na kukinyanyua.

"Ngoja, Mama."

Nilidhani ni mzee. Alikuwa Nathaniel.

"Kiweke chini kwanza," akasema.

"Nathaniel, gari lile pale. Hatua tano."

"Naliona."

"Nilikitengeneza mimi. Nilikikoleza kwa chai ya dukani. Wewe mwenyewe uliiona penseli."

"Niliiona." Alimkaza mtoto kifuani. "Nimekuamini tangu asubuhi, na hata sasa nakuamini. Lakini kiweke chini, nakuomba. Kama mzee anasema kweli, je?"

Precious akakakamaa mikononi mwake. Shingo ikageuka upande, miguu ikaanza kurukaruka, povu likatoka pembeni ya mdomo. Getruda akapiga ukunga. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya lango, kigoda kifuani, njia iko wazi nyuma yangu.

Nathaniel alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, kisha akapiga hatua moja kurudi ndani.